Data Haina Undugu

Kaka yangu,

Naanza na neno lenyewe, salamu zitafuata. Bi. Makabrasha, mkuu wa kumbukumbu wa hospitali yetu, hakuvujisha faili la mgonjwa hata moja. Mafaili aliyofukuzwa kwa ajili yake yalikwenda jengo letu wenyewe la pili, na njia yaliyopitia uliifungua wewe kwa mkono wako. Hilo ndilo dai langu. Nitalitetea mpaka mwisho wa barua hii, na nakuomba usiiweke chini kabla hujafika huko.

Sasa salamu. Natumaini unaendelea vizuri na kwamba mgongo umepata nafuu tangu ubadilishe kiti. Watoto hawajambo? Yule wa mwisho ameachwa na kikohozi? Mimi mwili ni mzima. Kuhusu roho, niruhusu nisiseme uongo. Mama nilimpitia juzi. Anakusalimu, na anauliza kwa nini wanawe wawili wanaofanya kazi mahali pamoja siku hizi humjia kwa zamu kama askari wa lindo. Nilimwambia kazi ni nyingi. Ulitaka nimwambie nini?

Utashangaa nakuandikia, ilhali meza yangu na yako zimetenganishwa na kabati moja tu la swichi za mtandao. Kwa mdomo sikuwezi. Kila nikifungua kinywa unaniita Profesa, watu wanacheka, na hoja inafia hapo hapo. Barua haiambiwi ikae chini. Nitaeleza hata mambo unayoyajua kuliko mimi, kwa sababu nimekusudia isomwe pia na wasioyajua.

Unakumbuka mafundi wa ujenzi walivyochimba mtaro wa mabomba ya wodi mpya, wakaikata kebo inayounganisha jengo kubwa na jengo la pili. Jengo la pili ndimo zinamotunzwa nakala za mafaili yote ya wagonjwa. Kila siku ya kazi chumba cha kumbukumbu hutuma nakala huko, na kila Jumapili kompyuta zenyewe hukagua nakala za wiki nzima, ili jengo kubwa likiungua, historia za wagonjwa zisiungue nalo. Kebo ilipokatika, nakala zikakwama, mkurugenzi akaanza kupayuka. Wewe hukuhangaika. Ulichukua laini ya akiba ya kampuni nyingine, ukaifunga jengo la pili juu ya kabati, kisha ukaiandikia ruta yetu kuu, kile kifaa kinachoionyesha data njia ya kupita, maelekezo ya muda: kila kinachotoka chumba cha kumbukumbu kwenda kule kisitafute kebo, kitoke nje kwa lango kuu la intaneti, kizunguke mitaa ya watu, kiingie jengo la pili kwa mlango wa nyuma. Ukayafunga mafaili kwa usimbaji ili mpita njia asiyasome. Mimi ndiye niliyekushikia ngazi. Nilikutazama ukiandika, nikasema moyoni kwamba hakuna kitabu kilichowahi kunifundisha kufikiri kwa wepesi ule. Sifa hiyo siiondoi hata leo.

Kebo ikaungwa wiki ile ile. Ukatutangazia kwamba kila kitu kimerudi mahali pake, tukakupigia makofi. Lakini ruta, kama unavyowaambia wewe mwenyewe wanaokuja kwetu mafunzoni, haina tabia ya kuuliza. Njia inazojifunza kutoka kwa ruta wenzake huzifuata vizuri tu. Ila mtu akiiandikia kwa mkono njia mahususi ya kufika mahali fulani, hiyo ya mkono ndiyo itakayotiiwa, hata iwe ndefu namna gani, mpaka aje mtu aifute. Hukuifuta. Kebo mpya ikalala pale chini ya mtaro haina kazi, na mafaili yakaendelea kuzunguka nje. Hakuna aliyegundua, kwa kuwa yalikuwa yakifika.

Kusahau si dhambi. Nakuandikia hilo mapema usije ukadhani nakuhukumu kwa kusahau.

Miezi ikapita. Hospitali ikanunua ile programu ya kuangalia mwenendo wa data, nikapewa mimi kuiweka. Nilitaka kila mlango uwekewe jicho: lango kuu la jengo kubwa, na ile laini ya akiba ya jengo la pili pia. Tulibishana nusu ya asubuhi mbele ya ofisi nzima. Ulishikilia kwamba jicho moja langoni linatosha, kwamba laini ya akiba haipitishi kitu. Nikakujibu kwamba jicho linaloona watu wakitoka bila kuona wanakofikia ni sawa na jirani mmbea dirishani: kaona mtu anatoka na begi, keshamwita mwizi. Watu walicheka, safari hii upande wangu, na nadhani hukulipenda lile. Ukaniambia niweke nilichoambiwa niende nikale. Niliweka, nikaenda nikala.

Halafu ugonjwa wa yule mtu mkubwa, aliyelazwa kwetu kwa siri, ukawa habari ya mjini. Vinyozi walijua mpaka jina la dawa yake. Mkurugenzi alitaka mtu, tena haraka. Bwana Kufuli, kama tunavyomwita afisa wetu wa usalama wa mitandao kwa jinsi anavyofunga kila kitu pamoja na visivyo vyake, akafungua programu yangu na kukuta alichokuwa akikitafuta: kompyuta ya mkuu wa kumbukumbu, kila siku ya kazi, inatoa mzigo mkubwa wa data uliosimbwa kwenda anwani ya nje isiyokuwemo kwenye orodha ya anwani zetu. Ilikuwa anwani ya ile laini yako ya akiba, ambayo hukuwahi kuiandikisha kwa kuwa ilikuwa ya muda. Kufuli hakujua. Alikuletea grafu Ijumaa ili uithibitishe, maana wewe ndiwe mkuu wa mitandao. Kikao kikaitishwa Jumatatu.

Kikao hicho nimekirudia kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda. Ukumbi mkubwa, mapazia yamefungwa ili picha ukutani ionekane, wauguzi wamesimama nyuma kwa kukosa viti. Bi. Makabrasha alikaa safu ya tatu, mkoba magotini, akidhani ameitwa kueleza taratibu za mafaili. Ulisimama na kile kijiti chako, ukaonyesha vilima vyekundu vya grafu kimoja baada ya kimoja, ukaeleza kwa sauti ile ile unayotumia kutueleza hitilafu ya swichi. Mkurugenzi akakuuliza kama kuna maelezo mengine yoyote yanayowezekana.

Ukasema, “Hakuna.”

Nilinyoosha mkono. Niliuliza kama tumethibitisha mwenye anwani ile ni nani. Lilikuwa swali la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nakiri, lakini lilikuwa ndilo swali pekee ukumbini. Ukaniambia, “Profesa, kaa chini, hapa si darasani.” Kufuli akaongezea, akijipendeza kwa mkurugenzi, kwamba data haina undugu. Waliokuwa mbele wakaguna kwa kuafiki. Nami nikakaa. Nilikaa kwa sababu tangu ningali nanyonya kidole, ukisema kaa, mimi hukaa. Na kwa sababu mdogo hambishi kaka yake mara mbili mbele ya kadamnasi. Ndivyo tulivyolelewa, na sijui bado kama tulilelewa vizuri.

Bi. Makabrasha alisimama bila kuombwa. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: kama ameyatoa mafaili, amempa nani? Mkurugenzi akamwambia hilo yeye ndiye analijua. Kitambulisho akavuliwa pale pale, na getini mkoba wake ukamwagwa juu ya meza ya mlinzi, miwani, kitana, na nusu ya mkate aliokuwa ameuhifadhi kwa mchana. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni ya kutoka. Mlinzi yule huwa anamwita mama.

Nilikwenda nyumbani kwake. Ulinikataza, ukasema nitaonekana nina shauri naye, nilikwenda. Sebule yake imejipanga kama ofisi, magazeti ya mwaka huu upande mmoja, ya mwaka jana upande mwingine, kila rundo na kikaratasi chake. Alinipokea kwa maneno makavu, akaniuliza kama nimekuja kuweka jicho na huku. Nilistahili. Baadaye akalegea, akaniambia jambo ambalo nataka ulisome polepole. Alisema kwamba mafaili ya majirani zake wote yamepita mikononi mwake. Amekaa nao kwenye misiba, kwenye mkeka mmoja, akijua kilichomuua marehemu kuliko waliokuwa wakimlilia. Akawasikia wakimsingizia huyu na yule kwamba ndiye aliyemroga. Akanyamaza, kwa sababu kiapo ni kiapo. Leo mume wa mgonjwa mmoja amemsimamisha dukani na kumuuliza amemuuzia nani maradhi ya mke wake. Muuza duka akajifanya anapanga sabuni.

“Mwanangu,” akaniambia, “kazi wanaweza kuichukua. Lakini wamewafundisha watu kuniogopa.”

Rufaa yake inasikilizwa wiki ijayo. Akishindwa, jina lake litapelekwa kwa hospitali zote, na hatagusa tena kabrasha la mtu maisha yake yote. Hilo ndilo linalopiganiwa hapa, Kaka. Mimi na wewe tutapona, vyovyote itakavyokuwa.

Ukweli niliupata kwa sababu ya diski mbovu, sikuupata kwa akili yangu, ingawa ningependa kudai hivyo. Nilitumwa jengo la pili kuibadilisha. Nilipoinua macho nikakiona kile kifaa cha laini ya akiba juu ya kabati, kimefunikwa vumbi, taa yake ya kijani imetulia tuli. Nilijiuliza kwa nini hatujakirudisha. Nikaunganisha kompyuta yangu, nikakiuliza kimepokea nini tangu kifungwe. Kaka, nilisoma orodha yake mara mbili. Kimepokea kila siku ya kazi, mzigo kwa mzigo, sawasawa na vile vilima vyekundu ulivyovionyesha ukutani. Nikaenda kwenye hifadhi yenyewe ya nakala: mafaili yote yamo, hakuna lililopungua. Kilichotoka langoni ndicho kilichoingia mlango wa nyuma. Mwizi wetu alikuwa akihamisha mali kutoka sebuleni kwetu kwenda chumbani kwetu.

Najua utakavyonijibu, maana hoja zako nimezila tangu utotoni kama uji. Utasema huenda alituma nakala jengo la pili na nyingine kwa mtu wa nje. Basi kilichotoka kingezidi kilichofika, na hakikuzidi. Utasema kifaa kile ni cha bei rahisi, huenda kinahesabu vibaya. Kihesabu vibaya kwa kulingana na programu ghali siku baada ya siku? Huko ni kuomba muujiza. Utasema, na hili ndilo nililoliogopa zaidi, kwamba haya ni makosa ya kibinadamu, umesahau njia, ukaisoma grafu vibaya kwa haraka, basi tuyamalize ndani kwa ndani.

Ningekubali hilo la mwisho. Wallahi ningelikubali, na barua hii ingekuwa kikombe cha chai barazani kwako. Lakini lipo jambo kwenye grafu yenyewe ambalo hukulionyesha ukumbini, kwa sababu picha uliyoileta ilikatiwa Ijumaa. Mzigo kwenda anwani ile ulikoma Jumapili. Jumapili, wakati zinakaguliwa zile nakala za wiki, safari ilianza kama kawaida kwa kutoka nje, kisha katikati ya kazi ikageuka, ikarudi kwenye kebo, na haikutoka tena. Bi. Makabrasha alishtakiwa Jumatatu. Mwizi gani anayeacha wizi kabla hajajua kwamba ameonekana? Kompyuta yake ilikuwa imefungwa ndani ya chumba kilichofungwa; ufutaji wa njia haufanyiki kwake, unafanyika kwenye ruta kuu. Na ruta kuu ina watu wawili tu wanaoweza kuiandikia. Mmoja ni mimi, na Jumapili ile nilikuwa kwa Mama nikimrekebishia redio. Muulize.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa nikilitafutia maelezo ya kukuokoa. Nilisema labda ulikuwa unafanya matengenezo ya kawaida. Nilisema labda ulikuwa mbali, ruta ikajisafisha yenyewe, kitu ambacho ningemcheka mtu mwingine yeyote akikisema. Mwisho nikamwendea Shemeji.

Sikumtega. Nilimuuliza tu Jumapili ile mlishinda wapi. Akaniambia mlikuwa njiani kwenda kumwona shangazi yake mgonjwa, ukakata kona kuelekea kazini, ukasema umesahau miwani. Akaniambia alitaka kucheka, kwa kuwa miwani ulikuwa umeivaa. Alikungoja garini. Uliporudi akakuuliza kuna nini, ukamjibu: “Kuna kitu nilikiacha wazi. Nimekifunga.” Kwa shangazi hukula. Shemeji alidhani ni mlango.

Nilipomweleza kilikuwa nini, alichukua nguo ambayo ilikuwa imekwisha kunjwa, akaikunja tena. Kisha akasema nikuandikie wazi kwamba maneno haya yametoka kwake, usije ukatafuta mchawi ofisini. Akasema kulala kitanda kimoja na mtu aliyesahau anaweza. Hakumalizia.

Kwa hiyo hukusahau, Kaka. Ulisahau miezi yote ile, halafu Ijumaa ulipoletewa grafu ukaitambua anwani yako mwenyewe. Jumapili ukafuta njia. Jumatatu ukasimama mbele ya mwanamke yule na kusema hakuna maelezo mengine. Nimejaribu kuelewa kwa nini. Najua kwamba jina lako limo mezani kwa mkurugenzi, upandishwe kuwa mkuu wa mifumo yote. Najua kwamba kusema “ni mimi niliyeacha mafaili ya wagonjwa yakizurura nje” kungekupunguza kwa wiki mbili, labda mwezi. Kungekuwa kicheko cha kantini. Ulipima mwezi wako mmoja wa kuchekwa dhidi ya maisha ya mtu, ukaona mwezi ni mzito zaidi.

Na kuna ubaya mwingine, ambao kama mtu wa kazi hii unapaswa kukunyima usingizi. Siri ya yule mtu mkubwa kweli ilivuja. Aliyeivujisha yupo, anakula nasi kantini, na ametulia, kwa sababu tangu Jumatatu ile hakuna anayemtafuta. Kufuli amefunga jalada. Tumefukuza mlinzi, tukamwachia mwizi funguo, tukaandika kwenye taarifa kwamba usalama umeimarika.

Wewe ndiwe uliyenikalisha kwenye ngazi za nyuma za nyumbani, kabla sijamaliza shule ya msingi, ukanifundisha kubana vichwa vya kebo. Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu: tuliziimba mpaka Mama akatufukuza. Uliniambia waya mmoja ukikaa pasipo pake usijidanganye kwamba saba zilizobaki zitaubeba. Kata kichwa, anza upya. Vyeti vyangu vyote vimejengwa juu ya ngazi zile. Ndiyo maana nimekuandikia wewe kwanza, kabla ya kamati. Kamati nitaiandikia pia. Kumbukumbu za kifaa cha jengo la pili nimezihifadhi mahali ambapo ufutaji hauzifikii, na sikuambii ni wapi, jambo ambalo sikuwahi kudhani siku moja nitakuficha.

Nisalimie watoto, waambie baba yao mdogo anawakumbuka. Shemeji nimekwisha kumsalimu mwenyewe. Shangazi ukimwona mpe pole yangu. Mungu akupe afya, na akupe na miguu ya kusimama.

Jibu lako silitaki kwa simu, silitaki kwenye kikaratasi juu ya meza yangu, wala usinivute pembeni kwenye korido na kuniita mdogo wako. Jumatatu kuna kikao cha wafanyakazi wote katika ukumbi ule ule. Bi. Makabrasha nimemwomba aje, na amekubali kukaa safu ile ile ya tatu. Simama mbele yake na mbele ya wauguzi wote waliokosa viti, uwaambie njia ile iliwekwa na nani, ikafutwa na nani, na siku gani. Ukiona kuna neno moja la uongo katika barua hii, lisome hapo kwa sauti unikanushe, nami sitakaa chini. Usiposema kitu, nitaisoma mimi, yote, kuanzia mstari wa kwanza.

Nijibu, Kaka. Nijibu mbele yao.

Mimi ndugu yako wa tumbo moja,
Mhandisi mdogo wa mitandao